Polisi Langoni mwa Shule: Watazuia Nini, Hawatazuia Nini

Tarehe 4 Septemba 2024, wanafunzi wawili na walimu wawili waliuawa kwa risasi katika shule ya upili ya Apalachee, jimbo la Georgia nchini Marekani. Shule hiyo ilikuwa na maafisa wa polisi waliopangiwa kazi humo. Walimu walibonyeza kitufe cha dharura kilicho kwenye vitambulisho vyao, afisa akamfikia mshukiwa, mvulana wa miaka 14, naye akajisalimisha. Usiku uliofuata, tarehe 5 Septemba, bweni la wavulana katika shule ya Hillside Endarasha Academy, Kaunti ya Nyeri, lilishika moto. Watoto 21 walifariki.

Mikasa hiyo ilipishana kwa siku moja tu, na kila mmoja ulizua dai kwamba shule zilindwe. Humu nchini dai hilo huja na pendekezo ambalo wengi wamelisikia katika mabaraza ya machifu, mikutano ya wazazi na vikao vya ushirikishaji wa umma: serikali iagize kila shule iwe na afisa wa polisi. Ni pendekezo linaloeleweka. Mzazi anayemwacha mtoto wa miaka kumi katika shule ya bweni hadi likizo ana haki ya kuuliza ni nani anayekesha usiku. Lakini afisa wa polisi ana kazi yake mahususi, na kabla ya kumdai ni vyema kujua amefaulu wapi, ameshindwa wapi, na ni hatari gani hasa inayowakabili watoto wa Kenya wakiwa shuleni.

Marekani na sheria ya polisi shuleni

Marekani ndiyo imelijaribu jambo hili kwa muda mrefu. Mpango wa kuwaweka polisi shuleni ulianzia mjini Flint, jimbo la Michigan, katika miaka ya 1950. Wakati huo nia ilikuwa vijana na polisi wajuane. Hali ilibadilika baada ya Aprili 1999, wanafunzi 12 na mwalimu mmoja walipouawa katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado. Afisa aliyepangiwa shule hiyo alikuwepo siku hiyo, akafyatuliana risasi na washambuliaji bila kufanikiwa kuwazuia. Hata hivyo, fedha za kuajiri polisi wa shule ziliongezwa.

Februari 2018 watu 17 waliuawa katika shule ya Marjory Stoneman Douglas, jimbo la Florida. Afisa mwenye silaha aliyekuwa zamu alibaki nje ya jengo huku risasi zikilia ndani. Majuma machache baadaye jimbo hilo lilipitisha sheria inayotaka kila shule ya umma iwe na afisa wa usalama, awe polisi au mlinzi aliyefunzwa kutumia silaha. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi siasa za usalama zinavyokwenda: yule aliyeshindwa kutenda katika shule moja aliagizwa katika shule zote.

Kisa cha Uvalde, mji mdogo wa Texas, kinafaa kutazamwa kwa makini zaidi. Tarehe 24 Mei 2022, watoto 19 na walimu wawili waliuawa katika Shule ya Msingi ya Robb. Wilaya ya elimu ya Uvalde ilikuwa na kikosi chake chenyewe cha polisi. Kamati ya Bunge la Texas iliyochunguza mkasa huo ilihesabu maafisa 376 wa vyombo mbalimbali waliofika pale, na bado zilipita dakika 77 kabla ya mshambuliaji kukabiliwa na kuuawa. Hakuna aliyeshika usukani. Kila kikosi kilidhani kingine ndicho kinachotoa amri.

Ripoti ya kamati hiyo ilizungumzia jambo jingine ambalo halikupata nafasi kubwa katika habari, nalo ni kufuli. Mlango wa nje uliotumiwa na mshambuliaji ulikuwa umefungwa lakini haukujifunga kwa kufuli kama ulivyopaswa. Kufuli ya darasa mojawapo ilijulikana kuwa mbovu, na hakuna fundi aliyeitwa. Walimu walikuwa wamezoea kuacha milango bila kuifunga kwa sababu funguo zilikuwa chache.

Mwaka uliofuata, 2023, Texas ilipitisha sheria inayotaka kila shule ya umma iwe na afisa wa usalama mwenye silaha saa zote za masomo, kuanzia Septemba. Sheria ilikuja na dola 15,000 kwa kila shule kwa mwaka. Fedha hizo hazitoshi mshahara wa afisa mmoja. Wilaya nyingi za elimu zilikosa fedha, nyingine zikakosa watu wa kuajiri, zikaomba msamaha ambao sheria yenyewe inauruhusu na kuwatumia wafanyakazi wa shule waliofunzwa kushika bunduki. Agizo lilikuwa la shule zote, lakini utekelezaji ulifuata mfuko wa kila wilaya.

Je, polisi hao wamesaidia? Watafiti wa Marekani wanatoa jibu lenye pande mbili. Uchunguzi uliolinganisha shule zenye polisi na zisizo nao ulionyesha kuwa ugomvi na vitisho kati ya wanafunzi hupungua polisi wakiwepo. Mashambulizi ya bunduki hayakupungua. Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2021, uliangalia matukio 133 ya ufyatuaji risasi shuleni kati ya 1980 na 2019. Palipokuwa na mlinzi mwenye silaha, kiwango cha vifo kilikuwa karibu mara tatu ya pale ambapo hapakuwa na mlinzi. Hilo halina maana kwamba mlinzi ndiye chanzo cha vifo. Huenda washambuliaji wanaojua kuna bunduki langoni huja na silaha kali zaidi. Linachoonyesha ni kwamba mtu aliyekwisha kuamua kufa haogopi mlinzi.

Kuna gharama nyingine inayoonekana polepole. Afisa akikaa shuleni kila siku, makosa yaliyokuwa yakimalizwa na naibu wa mwalimu mkuu huanza kufika mahakamani. Kelele darasani, kusukumana kwenye foleni ya chakula, kumjibu mwalimu vibaya: hayo yote yamewahi kuwafanya watoto wa Marekani wafungwe pingu. Takwimu za Wizara ya Elimu ya nchi hiyo zimeonyesha mara kwa mara kuwa wanafunzi weusi na wanafunzi wenye ulemavu hukamatwa kuliko wenzao.

Polisi katika shule za Kenya

Mkazi yeyote aliyewahi kupita karibu na shule msimu wa mitihani ya kitaifa amemwona afisa wa polisi mwenye bunduki akiota jua kando ya ofisi ya mwalimu mkuu. Analinda karatasi. Anazisindikiza kutoka kwenye kontena asubuhi na kuzirudisha baada ya mtihani, kisha anaondoka. Kwa hiyo polisi shuleni si jambo geni, ila wanakuja kwa kazi maalum na kwa siku zinazojulikana.

Kuna maeneo ambako kazi yao ni nzito zaidi. Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, wanamgambo wanne wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Waliwaua walinzi wa langoni ambao hawakuwa na silaha, kisha wakaingia mabwenini. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Kikosi maalum cha Recce kilitoka Nairobi, na shambulio likakomeshwa jioni. Januari 2020 walimu watatu waliuawa huko Kamuthe, kaunti hiyo hiyo ya Garissa, na Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka maeneo ya mpakani. Shule zikabaki na watoto bila wa kuwafundisha.

Katika maeneo kama hayo, kudai ulinzi wa polisi ni kudai haki ya msingi, na mwalimu anayekataa kurudi kazini bila ulinzi hafai kulaumiwa. Lakini hata Garissa ilifundisha kwamba swali kubwa ni muda: kikosi chenye uwezo kiko umbali gani, nani anakipigia simu, na nani ana mamlaka ya kukiamuru kiingie. Ni lile lile lililowashinda maafisa 376 wa Uvalde.

Nje ya maeneo hayo, hesabu yenyewe ni ngumu. Kenya ina zaidi ya shule 20,000 za msingi za umma na zaidi ya 8,000 za sekondari. Afisa mmoja wa mchana na mmoja wa usiku kwa kila shule ni maafisa 56,000, kabla ya kuhesabu likizo, ugonjwa na siku za mapumziko. Huduma ya Taifa ya Polisi nzima ina maafisa wanaozidi 100,000 kidogo. Nusu ya polisi wa nchi wangekuwa malangoni mwa shule, huku kituo cha polisi kinachotegemewa na tarafa nzima kikibaki na watu wa kuhesabika. Na hapo shule za kibinafsi hazijaguswa.

Yaliyowaua watoto wetu

Machi 1998, wasichana 26 walifariki kwa moto bwenini katika shule ya Bombolulu, Kwale. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango umefungwa. Machi 2001, wavulana 67 walifariki Kyanguli, Machakos, baada ya petroli kumwagwa bwenini usiku na kuwashwa. Milango ilikuwa miwili, mmoja umefungwa kwa kufuli. Madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2017, wasichana 10 walifariki katika Shule ya Wasichana ya Moi, Nairobi. Mwanafunzi wa shule hiyo alihukumiwa baadaye kwa kosa la kuua bila kukusudia. Septemba 2019, wanafunzi 8 walifariki darasa la ghorofa lilipoporomoka katika shule ya Precious Talent, eneo la Dagoretti. Februari 2020, wanafunzi 14 walifariki katika mkanyagano kwenye ngazi za Shule ya Msingi ya Kakamega wakitoka masomoni jioni. Kisha Endarasha, ambako sehemu kubwa ya bweni ilikuwa ya mbao.

Katika orodha hiyo hakuna aliyevamia kutoka nje. Palipokuwa na mkono wa mtu, ulikuwa wa mtoto aliyelala ndani, anayejuana na mlinzi na kusalimiana naye kila siku. Afisa langoni angefika mbio moto unapowaka, bila shaka, na kukuta kile walichokuta wanakijiji wa Kyanguli: mlango usiofunguka. Uvalde, mlango uliopaswa kufungwa haukufungika. Huku kwetu, mlango uliopaswa kufunguka ulikuwa umefungwa.

Sheria za mabweni zipo tangu 2008, katika Mwongozo wa Viwango vya Usalama wa Shule uliotolewa na Wizara ya Elimu. Mwongozo unasema bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa dharura katikati. Milango ifunguke kuelekea nje, iwe na upana wa futi tano au zaidi, na isifungwe kutoka nje watoto wakiwa ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya angalau mita 1.2, na njia ya kupitia isipungue mita mbili. Baada ya mkasa wa Endarasha, Wizara ilikagua shule, na Novemba 2024 ikaagiza sehemu za bweni zifungwe katika shule 348 zilizokosa kutimiza viwango. Hizo ni miaka 16 baada ya mwongozo kuchapishwa.

Mzazi anaweza kukagua mengi ya hayo mwenyewe siku ya kufungua shule, kwa macho na hatua za miguu. Asukume mlango aone unakofunguka. Aulize ufunguo hulala kwa nani. Atazame madirisha. Aulize mara ya mwisho watoto kufanya mazoezi ya kutoka bwenini usiku ilikuwa lini, kisha amuulize mtoto wake swali hilo hilo, maana majibu hayo mawili hayalingani kila mara.

Mtoto akishikwa na polisi

Wanaopendekeza polisi shuleni aghalabu hutaja nidhamu: uchomaji wa mabweni, bangi, simu, magenge. Hapa mzazi anapaswa kujua sheria inasema nini, kwa sababu afisa wa polisi anapoitwa, mambo hubadilika.

Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kuwajibishwa kwa kosa la jinai. Aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutofautisha jema na baya mpaka mahakama iridhike vinginevyo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na atenganishwe na watu wazima. Upande wa pili, Idara ya Upelelezi wa Jinai imewahi kutangaza hadharani kwamba wanafunzi wanaohusika katika uhalifu shuleni watawekwa kwenye rekodi, na rekodi hiyo itaonekana watakapoomba cheti cha tabia njema. Kijana wa kidato cha tatu huenda asiyafikirie hayo anaposhawishiwa na wenzake usiku. Atayakumbuka akiwa na miaka 23, akitafuta kazi.

Anayechoma bweni lenye watu anastahili mkono wa sheria. Shaka iko kwenye makosa madogo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili, na mwalimu mkuu aliyezuiwa kutumia kiboko anaweza kuona afisa aliye karibu kama kiboko kingine. Ndiyo maana shule inayoomba polisi inafaa kuulizwa kwanza ina mwalimu mshauri au haina, na kama yupo, ana vipindi vingapi vya kufundisha kando ya kazi hiyo.

Wakazi waombe nini, na kwa nani

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Polisi ni wa Serikali ya Taifa, na shule za msingi na sekondari pia ni za Serikali ya Taifa. Gavana hawezi kumwagiza OCS apeleke afisa shuleni, na mwakilishi wadi anayeahidi hivyo katika mkutano anaahidi asichokuwa nacho. Ombi la ulinzi wa polisi hupitia kwa bodi ya usimamizi wa shule, kwa OCS na kwa naibu kamishna wa kaunti. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliunda pia Mamlaka ya Upolisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana au anayemteua, ili wakazi wajadiliane na wakuu wa polisi kuhusu mahitaji ya usalama. Imechelewa kuanza kazi katika sehemu nyingi. Palipo na kikao chake, usalama wa shule unafaa kuwa kwenye ajenda.

Kwa upande wa kaunti, Jedwali hilo hilo linaikabidhi zimamoto na kukabiliana na majanga, afya ya umma, mipango ya ujenzi, barabara za kaunti, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Kwa maneno mengine, gari la zimamoto, maji ya kulijaza, barabara ya kulifikisha shuleni mvua ikinyesha, na afisa wa afya ya umma anayekagua majengo, vyote ni vya kaunti. Katika shule za chekechea, ua na lango pia ni jukumu la kaunti. Katika mikasa iliyotajwa hapo juu, hayo ndiyo yangeweza kupunguza vifo, na mkazi anaweza kuyadai moja kwa moja.

Kuyadai kuna wakati wake. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, Mkakati wa Fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Pendekezo linaloletwa Mei, hata likiwa zuri, huwa limechelewa. Linaloletwa Agosti, likiandikwa jina la shule, umbali kutoka kituo cha zimamoto na hali ya barabara, lina nafasi ya kuingia.

Kuhusu polisi wenyewe, kuna mambo ambayo shule inaweza kuomba bila kusubiri agizo la taifa: OCS atembelee bweni mchana na ajue njia zake za kutokea; doria ya usiku ipite katika wiki za mitihani ya majaribio, wakati ambapo machafuko huongezeka; nambari ya simu ya kituo ibandikwe ofisini, kwenye chumba cha mlinzi na kwenye mlango wa bweni. Bawabu wa usiku, ambaye mara nyingi ni mzee mwenye rungu na kurunzi, apewe simu yenye salio na nakala ya ufunguo wa kila bweni.

Taarifa za hatari shuleni zipigwe 999 au 112, bila malipo. Mtoto anayedhulumiwa, au anayejua mpango wa kuchoma shule na anaogopa kumwambia mwalimu, anaweza kupiga 116, pia bila malipo, mchana na usiku. Malalamiko kuhusu afisa wa polisi aliyemdhulumu mwanafunzi hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA.